RDP, VNC, AnyDesk au RustDesk: uchague ipi kuingia kwenye kompyuta iliyo mbali?

Swali linalorudi kila siku ni hili: programu gani nzuri ya kuingilia kompyuta iliyo mbali? Halijibiki mpaka mawili mengine yajibiwe kwanza. Mbele ya kompyuta hiyo kuna mtu amekaa, au hakuna? Na je, inafikika moja kwa moja kutoka ulipo, au iko nyuma ya ruta na modemu usizozimiliki? Ukishayajibu hayo, nusu ya majina yanajiondoa yenyewe.

Tuchukue hali nne. Bibi yuko Tanga, printa imemgomea, na mjukuu anayemsaidia yuko Muscat: mtu yupo, kompyuta haifikiki. Mhasibu wa Arusha anataka kufanya kazi usiku kwenye kompyuta aliyoiacha ofisini: hakuna mtu, na vifaa ni vya ofisi yake. Mwalimu wa maabara yenye kompyuta 20 anataka kuona kila mwanafunzi yuko wapi: watu wapo, mtandao ni mmoja. Na fundi anatunza seva ya Linux isiyo na kioo wala kibodi. Kila mmoja wao ana njia yake, na kuwapa wote programu moja ndiko kunakozaa malalamiko.

Kikao chako au skrini ya mwenzako

Tofauti kubwa kuliko zote haiko kwenye kasi wala bei. Iko kwenye kile kinachotokea upande wa pili unapoingia.

RDP (Remote Desktop Protocol) ya Microsoft, tangu toleo la Terminal Server la Windows NT 4.0 mwaka 1998, imejengwa kufungua kikao. Unaingia kwa akaunti yako, Windows inakuandalia skrini yako wewe. Kwenye Windows 10 na 11 kikao kinachotumika ni kimoja tu kwa wakati, kwa hiyo ukiingia kwa mbali, kioo cha kule kinajifunga na aliyekaa pale anabaki kutazama ukurasa wa kuingilia. Akiingia tena kwa akaunti ileile, wewe ndiye unayetolewa. Windows Server inaruhusu vikao viwili vya usimamizi bila leseni ya ziada. Mkizidi hapo mnahitaji leseni za Remote Desktop Services, na muda wa majaribio ni siku 120.

VNC (Virtual Network Computing) ilizaliwa kwenye maabara ya utafiti ya Olivetti mjini Cambridge, Uingereza, miaka ya 1990. Itifaki yake, RFB, inachukua pikseli za skrini jinsi zilivyo, inakuletea, kisha inarudisha mibofyo yako. Mnaona kitu kimoja, mnagombania mshale mmoja. AnyDesk, TeamViewer, RustDesk, Chrome Remote Desktop na Quick Assist zote zina tabia hii.

Ndiyo maana aliyezoea AnyDesk akihamia RDP kumsaidia mtu hushtuka: mtu wake anapiga simu kusema kompyuta imejifunga. Na aliyezoea RDP akitumia VNC usiku kuandaa mishahara hajui kwamba kila takwimu anayoandika inaonekana kwenye kioo cha ofisini, na mlinzi anaisoma akipita. Kwa kumwelekeza mtu, tumia kinachoonyesha skrini ileile. Kwa kufanya kazi yako mwenyewe, tumia RDP. AnyDesk na RustDesk zina kitufe cha kufanya kioo cha kule kiwe cheusi, lakini ni jambo la kukumbuka kuliwasha kila mara. Kwenye RDP ndivyo ilivyo siku zote.

RDP: hatua, na pale inapokwama

Anza na toleo. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika `winver`. Windows Home haipokei RDP. Inaweza tu kutumika kwenda kwa wengine. Zinazopokea ni Pro, Enterprise na Education. Laptop nyingi za dukani huja na Home, kwa hiyo kagua kabla hujamwahidi mtu chochote. Viraka vya kuilazimisha Home ipokee vipo mtandaoni, lakini Windows ikijisasisha vinakufa, na antivirusi nyingi huvikamata. Kwa kazi ya ofisi tusivitegemee.

Kwenye Pro fungua Settings, System, Remote Desktop, kisha washa. Acha NLA ikiwa imewashwa. Hiyo ndiyo inayodai jina na nenosiri kabla Windows haijakufungulia skrini yoyote. Mtumiaji ambaye si msimamizi mwingize kwenye kundi la Remote Desktop Users. Halafu, ukiwa kwenye kompyuta nyingine ya mtandao huohuo, fungua PowerShell upime njia kabla ya kujaribu kuingia (3389 ni poti ya RDP, yaani mlango wake kwenye mtandao):

`Test-NetConnection 192.168.1.20 -Port 3389`

Mstari wa TcpTestSucceeded ukisema True, njia ipo. Kikwazo kikibaki, ni cha akaunti. Ukisema False, usipoteze muda kubadilisha nenosiri. Kompyuta imelala, fayawoli inazuia, au ruta imeipa anwani mpya. Hili la anwani hutokea sana umeme ukikatika na kurudi, na dawa yake ni kuitengea kompyuta hiyo anwani moja ya kudumu ndani ya ruta.

Akaunti nazo zina mitego yake, na mingi ujumbe wake ni uleule usioeleza kitu, kwamba jina au nenosiri halikukubalika. Akaunti isiyo na nenosiri kabisa hairuhusiwi kuingia kwa mbali. Hata kama pale ofisini unaingia kwa kubonyeza Enter, weka nenosiri. PIN ya Windows Hello haifanyi kazi kwenye RDP. Mwenye akaunti ya Microsoft anaingia kwa barua pepe yake na nenosiri la akaunti hiyo, na kama tangu anunue laptop ametumia PIN peke yake, kompyuta yenyewe inaweza kuwa hailitambui nenosiri hilo. Zima sharti la kuingia kwa Windows Hello tu, toka, kisha ingia mara moja kwa nenosiri ukiwa umekaa palepale. Baada ya hapo RDP itakubali.

Mtego mwingine mdogo unaowasumbua wengi: alama ya @. Kibodi zikiwa zimepangwa kwa Kiingereza cha Uingereza upande mmoja na cha Marekani upande mwingine, @ na alama ya nukuu hubadilishana nafasi. Nenosiri lenye @ linakataliwa na mtu anaapa ameliandika sawasawa. Liandike kwanza kwenye sehemu ya jina, ambako herufi zinaonekana, uone kinachotokea, kisha ulifute. Na Ctrl+Alt+Del ndani ya RDP inafanya kazi kwenye kompyuta uliyoishika mkononi, si ile ya mbali. Kwa ile ya mbali bonyeza Ctrl+Alt+End.

Faida za RDP zinaonekana ukishaingia. Skrini inajipanga kwa ukubwa wa kioo chako, sio cha kule. Hati iliyo ofisini unaweza kuichapisha kwenye printa iliyo nyumbani kwako, maana printa yako inafuatana nawe kwenye kikao. Na intaneti ikikatika katikati ya kazi, kikao hakifi: programu zinaendelea kule, ukirudi unakuta hesabu palepale ulipoachia. Kufunga dirisha la RDP ni kujitenga tu na kikao; kinachofunga programu ni Sign out. Anayechanganya hayo mawili ndiye anayekuta faili la mwezi mzima limefungwa, au anayeacha faili la pamoja limefunguliwa usiku kucha wenzake wakashindwa kuliandika.

Kutazama kikao cha mtu bila kumtoa

Wengi hawajui kwamba Windows Pro yenyewe inaweza kuonyesha kikao cha mtu mwingine bila kukivunja, na bila kusakinisha chochote. Kwenye kompyuta inayotazamwa andika `quser` upate namba ya kikao, tuseme ni 2. Kutoka kwako andika:

`mstsc /v:HESABU-PC /shadow:2 /control`

Mhusika anatokewa na swali la kukubali au kukataa, akikubali mnaona skrini moja. Ukiondoa `/control` unatazama tu, huwezi kugusa. Inahitaji uwe msimamizi kwenye kompyuta ile, sera inayoruhusu iwekwe kwenye Group Policy, na kanuni ya fayawoli ya Remote Desktop Shadow iwashwe. Haipiti kwenye poti 3389 ya RDP kama watu wanavyodhani. Inategemea poti 445 na poti nyingine za RPC zinazobadilika. Kwa hiyo ni ya ndani ya mtandao wa ofisi au VPN, yaani mtandao wa faragha unaopita ndani ya intaneti. Mkiwa mbalimbali bila VPN, isahau.

Kwa maabara ya shule hata hiyo si sahihi. Mwalimu hawezi kuandika amri mara 20. Hapo tunapendekeza Veyon bila kusita: ni bure, msimbo wake uko wazi, inakwenda kwenye Windows na Linux, na inampa mwalimu ukurasa wenye vijipicha vya skrini zote kwa pamoja. Anaweza kufunga skrini zote wanafunzi wamsikilize, au kuwatupia skrini yake wote. Kazi yake kubwa ni siku ya kwanza. Unatengeneza jozi ya funguo kwenye Veyon Configurator, ule wa siri unabaki kwa mwalimu, ule wa wazi unauingiza kwenye kila kompyuta ya mwanafunzi. Ukikosea ukasambaza ule wa siri, umempa kila mwanafunzi uwezo wa mwalimu. Poti yake ni 11100. Kama vijipicha vinabaki tupu wakati kompyuta zimewaka, anzia hapo na kwenye ufunguo.

Kuna suala ambalo si la ufundi. Amri ile ya shadow inaweza kuongezewa `/noConsentPrompt`, sera ikiruhusu, na mtu asijue anatazamwa. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, Kenya ina ya 2019, na zote zinataka mtu ajue taarifa zake zinachukuliwa kwa ajili gani. Mfanyakazi aambiwe kwa maandishi kwamba skrini inaweza kutazamwa, na kwa sababu zipi. Msaada wa kawaida wa kiufundi hauhitaji kumnyemelea mtu.

VNC, na mahali pake pa kweli

VNC si ya kumpa bibi. Ni ya Linux, ya Raspberry Pi, ya Mac zilizo kwenye mtandao mmoja, na ya mashine unazozisimamia mwenyewe. Poti yake ni 5900 kujumlisha namba ya skrini: skrini :1 ni 5901, :2 ni 5902.

Kinachochanganya watu ni kwamba kwenye Linux kuna VNC za aina mbili. `tigervncserver :1` inatengeneza desktop mpya isiyoonekana kwenye kioo chochote. Nayo `x11vnc` au `x0vncserver` inaonyesha ile iliyo kwenye kioo halisi. Mtu anaanzisha ya kwanza, anaona desktop tupu, anauliza madirisha yake yamekwenda wapi. Hayajakwenda popote, yeye ndiye aliye kwenye skrini nyingine. Na akiona kijivu kitupu bila hata menyu, ni kwamba hakuna aliyeiambia VNC ianzishe desktop ipi. Kwa Xfce inatosha kuianzisha hivi:

`tigervncserver -localhost yes -xstartup /usr/bin/startxfce4 :1`

Lile neno `-localhost yes` ni la lazima kwetu, na sababu ni hii: uthibitishaji wa kawaida wa VNC unasoma herufi 8 za kwanza za nenosiri tu, zinazobaki zinatupwa, na katika hali yake ya asili kinachopita njiani hakijasimbwa. Nenosiri la herufi 20 ni la herufi 8. Kwa hiyo iache VNC isikilize ndani ya mashine yenyewe, halafu uifikie kwa kupitia SSH, njia iliyosimbwa ya kuingia kwenye mashine ya mbali:

`ssh -L 5901:localhost:5901 juma@192.168.1.20`

Acha dirisha hilo wazi, fungua programu ya kutazamia VNC, na uandike `localhost:5901`. Sasa kila kitu kinapita ndani ya SSH. Ikikwambia muunganisho umekataliwa, kwa kawaida SSH ni nzima, ila VNC yenyewe haijawaka kule au iko kwenye namba nyingine ya skrini.

Ubuntu na ndugu zake wa siku hizi hutumia Wayland, mfumo wa kuonyesha skrini, na Wayland haimruhusu mtu kusoma skrini kiholela. `x11vnc` hapo inakupa weusi au inakataa kuanza. Badala ya kupigana nayo, tumia ile ya GNOME, desktop ya Ubuntu yenyewe: tangu Ubuntu 22.04 mipangilio inatoa RDP (kwenye 22.04 iko sehemu ya Sharing, kwenye 24.04 iko System, Remote Desktop), na toleo la GNOME 46 la mwaka 2024 likaongeza kuingia hata kama hakuna mtu aliyeingia kwenye kioo. Njia ya tatu ni `xrdp`, nzuri kwa seva, ila ina kasoro moja inayojulikana: ukiwa umeingia kwenye kioo kwa akaunti ileile, ya mbali hufunguka nyeusi na kujifunga. Toka kwanza kwenye kioo, au utumie akaunti nyingine.

Zile za kusomewa namba

Turudi kwa bibi wa Tanga. Hapa mtu yupo, kompyuta imejificha, na unachohitaji ni programu ambayo pande zote mbili zinapiga hodi kwenye seva ya kati, kisha seva inawakutanisha. Hakuna ruta ya kugusa.

| Programu | Kinachosomwa kwenye simu | Cha kujua |
|---|---|---|
| Quick Assist | Msimbo wa anayesaidia, dakika 10 | Ni sehemu ya Windows. Anayesaidia anahitaji akaunti ya Microsoft |
| Chrome Remote Desktop | Tarakimu 12, mara moja tu | Akaunti ya Google. Kila dakika 30 mwenye kompyuta anaulizwa kama aendelee |
| AnyDesk | Namba ya kudumu ya kompyuta | Faili dogo, linafunguka bila kusakinishwa |
| TeamViewer | Namba na nenosiri la muda | Bure kwa binafsi tu |
| RustDesk | Namba na nenosiri la muda | Unaweza kuweka seva yako mwenyewe |

Kwa bibi mwenye Windows, Quick Assist inatushawishi kuliko zote kwa sababu hakuna cha kupakua. Anabonyeza Windows, Ctrl na Q kwa pamoja, na mjukuu ndiye anayempa msimbo. "Shikamoo bibi. Andika herufi hizi sita ninazokusomea, halafu ubonyeze kitufe cha chini." Yule anayesaidiwa hana haja ya akaunti yoyote.

Lakini ina udhaifu utakaokutana nao siku ya kwanza. Windows ikiuliza ruhusa ya msimamizi, lile swali la Yes na No, wewe unaona weusi tu, na bibi ndiye anayetakiwa kubonyeza. Mwambie mapema: "Skrini ikififia ikakuuliza, bibi, nisomee kilichoandikwa kabla hujabonyeza." AnyDesk na RustDesk zikifunguliwa bila kusakinishwa zina tatizo hilohilo, ila zina kitufe cha kuomba ruhusa kubwa mara moja, na zikisakinishwa linakwisha.

TeamViewer na AnyDesk ni bure kwa matumizi binafsi. Ukisaidia wateja watano kwa wiki, programu itahisi biashara na kuanza kukukatiza. TeamViewer hufunga kikao baada ya dakika chache. Fundi anayeishi kwa kazi hii alipe, au ahamie RustDesk. AnyDesk nayo mwezi wa Februari 2024 ilitangaza kwamba mifumo yake ilikuwa imeingiliwa, ikabatilisha vyeti vyake vya usalama na kutoa toleo jipya. Kama bado una faili la AnyDesk ulilolihifadhi kwenye flashi kabla ya hapo, lifute, upakue upya kutoka kwao.

RustDesk inastahili maneno ya ziada kwa sababu seva yake ya kati inaweza kuwa yako. Unakodi seva ndogo yenye anwani ya wazi, unaendesha programu mbili: `hbbs` inayowatambulisha, na `hbbr` inayopitisha data wanapokosa njia ya moja kwa moja. Poti ni TCP 21115 hadi 21119 na UDP 21116. Ikizaa faili la `id_ed25519.pub`, maandishi yaliyomo ndiyo ufunguo unaoweka kwenye kila kompyuta pamoja na anwani ya seva. Kosa la kawaida kabisa ni kufungua 21116 ya TCP na kuisahau ya UDP: kompyuta zinabaki hazionekani kuwa hewani ingawa seva inaendelea kuwaka. La pili ni kukosea herufi moja ya ufunguo. Linganisha herufi kwa herufi, au nakili na kubandika.

Onyo moja halihusu programu bali watu. Matapeli hupiga simu wakijiita wa benki au wa kampuni ya simu, wakamtaka mtu apakue programu kama hizi, hata kwenye simu yake ya mkononi. Akikubali, wanaona kila ujumbe wa uthibitisho unaoingia, na wanaweza kumtazama akifungua akaunti yake. Waelezeni wazee nyumbani kwa sentensi moja: msaada huu anauomba mwenye kompyuta, na anayepiga simu bila kuitwa hapewi namba wala msimbo. Siku ukimaliza kazi, ondoa nenosiri la kudumu ulilomwekea.

Kompyuta ya ofisi iliyo nyuma ya laini ya simu

Mhasibu wa Arusha sasa. Anataka RDP, ila yuko nyumbani. Ushauri anaopewa mara nyingi ni kufungua poti 3389 kwenye ruta. Usifanye hivyo. Poti hiyo inapigwa na mashine za kubahatisha manenosiri mchana na usiku. Mwezi wa Mei 2019 udhaifu uliopewa jina la BlueKeep uliruhusu kuingia bila nenosiri lolote kwenye Windows 7 na Server 2008 R2, na ulikuwa mzito kiasi kwamba Microsoft ilitoa kiraka hata kwa Windows XP iliyokuwa imeacha kuhudumiwa tangu 2014. Kuhamisha RDP kwenda namba nyingine ya poti kunapunguza kelele tu.

Isitoshe, mara nyingi haiwezekani. Tazama anwani ya WAN, yaani ya upande wa intaneti, ndani ya ruta yako. Ikianza na 10, au ikiwa kati ya 100.64 na 100.127, na hailingani na ile inayoonyeshwa na tovuti za kupima anwani, mtoa huduma amewaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja. Hapo unaweza kufungua poti mpaka kesho, hakuna atakayefika.

Njia ni VPN, na zipo mbili zinazofaa. Tailscale ni rahisi: sakinisha pande zote, ingia kwa akaunti moja, kila kompyuta inapata anwani yake inayoanza na 100, na hiyo ndiyo unayoiandika kwenye RDP. Inatoboa yenyewe nyuma ya laini za simu. WireGuard ya kujijengea inahitaji seva ya kukodi yenye anwani ya wazi na poti ya UDP 51820, pande zote mbili zikiiendea. Kwenye upande wa ofisi weka `PersistentKeepalive = 25`; bila hiyo laini ya simu inasahau njia baada ya ukimya mfupi, na asubuhi unakuta ofisi imepotea mpaka mtu aguse kompyuta. Kwa ofisi ndogo anza na Tailscale. Kama sera yenu hairuhusu akaunti za nje, jengeni WireGuard.

Bando na uzito wa skrini

Picha moja ghafi ya skrini ya 1920 kwa 1080 ni takribani megabaiti 6.2. Hakuna programu inayoituma hivyo. Zote zinakandamiza na kutuma kilichobadilika tu. Ndiyo maana jedwali lililotulia halili bando, na video au picha ya ukutani inayocheza inalimaliza. RustDesk hukadiria kazi ya maandishi kuwa kilobaiti 100 kwa sekunde, yaani karibu megabaiti 360 kwa saa. Ukitumia wastani wa megabiti 1 kwa sekunde, saa moja ni megabaiti 450.

Punguza ukubwa wa skrini kabla ya kupunguza rangi. Kutoka 1920 kwa 1080 kwenda 1366 kwa 768 pikseli zinapungua karibu nusu, na maandishi bado yanasomeka. Kwenye RDP, kichupo cha Experience, ondoa picha ya ukutani na madoido ya madirisha, ila kipengele cha kuhifadhi picha (Persistent bitmap caching) kibaki kimewashwa.

Kuchelewa kwa herufi ni jambo jingine, na bando kubwa halikutibu. Data ya kompyuta mbili zilizo Dar es Salaam ikipitia seva ya kati iliyo Frankfurt inasafiri karibu kilomita 7,000 kwenda hivyo na nyingine kama hizo kurudi. Mwanga ndani ya nyaya peke yake unahitaji milisekunde 70 kwa safari hiyo, kabla ya ruta yoyote kuongeza zake. AnyDesk na RustDesk huonyesha kwenye dirisha kama mmeunganishwa moja kwa moja au kupitia seva. Likisema kupitia seva na mko mji mmoja, mara nyingi laini ya simu ya upande mmoja ndiyo inayozuia. Jaribu mtandao mwingine kabla ya kulaumu programu.

Kabla hujaiacha peke yake

Yote haya hayana maana kama kompyuta imezima. Zuia usingizi ikiwa kwenye umeme: `powercfg /change standby-timeout-ac 0`. Kama ni laptop, badilisha pia kinachotokea kifuniko kikifungwa. Ingia BIOS utafute kipengele cha kurudi kwa umeme, mara nyingi kinaitwa Restore on AC Power Loss, ukiweke Power On, ili umeme ukirudi saa nane usiku iwake yenyewe. Kama BitLocker, usimbaji wa diski wa Windows, inadai PIN wakati wa kuwaka, itasimama hapo ikisubiri mtu, na hakuna RDP wala AnyDesk itakayoifikia. Kompyuta isiyo na kioo inaweza kukupa skrini ndogo ya ajabu kwenye AnyDesk au VNC. Kipande cha HDMI cha bandia kinachodanganya kwamba kioo kipo kinaimaliza kasoro hiyo.

Kisha fanya jaribio lenyewe ungali pale. Washa intaneti ya simu yako, toa laptop yako kwenye Wi-Fi ya ofisi, ingia. Chomoa waya wa umeme wa kompyuta ya ofisi, au uzime kifaa cha kuhifadhi umeme (UPS) kama kipo, hesabu dakika moja, rudisha. Subiri dakika tano bila kuigusa, halafu ingia tena kwa laini ya simu. Ikikubali mara ya pili, funga mlango wa ofisi uende.